Jinsi ya Kuwa Shabiki Kindakindaki wa Green Bay Packers

Anayeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani kwa kutaka kuijua ligi nzima kwa mpigo hachelewi kuchoka. NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ina timu 32, kila moja ina wachezaji 53 kikosini, na sheria zake hata Wamarekani wenyewe hugombana nazo kila Jumapili. Njia nyepesi ni kushika timu moja, kuing'ang'ania, na kuiacha ikufundishe mchezo. Siku utakayojua kwa nini timu yako imeamua kuupiga mpira mbali badala ya kusonga mbele, utakuwa umejua kwa nini timu zote hufanya hivyo.

Mwongozo huu ni wa Green Bay Packers. Hatua nyingi zitakufaa hata ukichagua timu nyingine, ingawa mimi sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Hatua ya 1: Ijue nyumba unayoingia

Green Bay ni mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kwenye ghuba ya Ziwa Michigan, wenye wakazi wapatao 107,000. Wapinzani wake wanatoka New York, Chicago, Dallas na Los Angeles. Kwa hesabu za biashara, timu hii ilitakiwa iwe imeshakufa au imeshahamishwa miaka mingi iliyopita.

Ilianzishwa mwaka 1919 na Curly Lambeau pamoja na mwandishi wa habari George Calhoun. Lambeau alikuwa mfanyakazi wa Indian Packing Company, kampuni ya kusindika nyama, naye akaiomba kampuni hiyo fedha za jezi. Ndiko lilikotoka jina la Packers. Mwaka 1921 timu ikaingia ligi, na miaka miwili baadaye ilikuwa taabani kifedha. Badala ya kutafuta tajiri wa kuinunua, watu wa mji wakauziwa hisa. Zoezi hilo limerudiwa mwaka 1935, 1950, 1997, 2011 na 2021.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Katika mauzo ya 2021 hisa moja iliuzwa dola 300, na ukiinunua hupati gawio, huwezi kuipeleka sokoni ukapata faida, wala haikuongezei nafasi ya kupata tiketi. Unachopata ni cheti cha kutundika ukutani na haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka wa wanahisa, palepale Lambeau Field, uwanja wa timu. Wenye hisa sasa ni zaidi ya nusu milioni, na hakuna anayeruhusiwa kujikusanyia nyingi hadi akaitawala klabu. Ligi imezifungia timu nyingine zote mlango wa kumilikiwa hivi. Packers imebaki kwa sababu ilikuwepo kabla ya katazo. Aliyefuatilia mijadala ya wanachama na wawekezaji kwenye klabu zetu kubwa za soka atauona mfumo huu kuwa jambo la kufikirisha.

Faida yake kwa shabiki ni kwamba klabu huchapisha hesabu zake kila mwaka. Nyingine 31 hazifanyi hivyo.

Usisahau makombe. Packers ina ubingwa mara 13, zaidi ya timu yoyote ya NFL, na minne kati ya hiyo ni Super Bowl, mechi ya mwisho ya msimu inayoamua bingwa, zikiwemo mbili za kwanza kabisa kuchezwa. Kombe lenyewe limepewa jina la kocha wake wa enzi hizo, Vince Lombardi. Mtu wa Chicago akikuletea maneno, anza na hilo.

Hatua ya 2: Panga saa zako kabla msimu haujaanza

Msimu huanza Septemba. Kila timu hucheza mechi 17 ndani ya wiki 18, na wiki moja hupumzika. Kisha inakuja hatua ya mtoano Januari, na Super Bowl Februari.

Mechi ya kawaida ya Jumapili huanza saa 6 mchana kwa saa za Green Bay. Kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hiyo ni saa 2 usiku katika Septemba na Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na kuanzia siku hiyo mechi hiyohiyo inakuwa saa 3 usiku. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze saa moja; aliye Muscat aongeze moja. Mechi za alasiri yao kwetu huanza karibu saa 5 na nusu usiku, halafu saa 6 na nusu baada ya Novemba. Zile kubwa zinazochezwa usiku wao, za Jumapili, Jumatatu na Alhamisi, zinatukuta saa 9 na dakika zake usiku, baadaye saa 10 alfajiri.

Mechi moja huchukua kama saa tatu. Ya saa 9 usiku ikiisha, makonda wa daladala wameshaanza kuita abiria.

Ushauri wangu: mechi za saa 2 na saa 3 usiku zitazame mubashara, kwa sababu zimekaa vizuri kuliko mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Za alfajiri lala, kisha utazame marudio. Huduma ya NFL Game Pass, inayopatikana kupitia DAZN, ina toleo lililokatwa mapumziko yote, na mechi nzima inaisha kwa kama dakika 40. Wenye king'amuzi cha DStv huzipata baadhi ya mechi kwenye ESPN. Mwenye bando dogo atatosheka na muhtasari ambao NFL huweka YouTube bure.

Adui mkubwa wa mtazamaji wa marudio ni simu yake. Taarifa ya matokeo itakufikia kabla hujapiga mswaki. Jumapili jioni zima taarifa za programu zote za michezo, na umwombe yule binamu yako aliye Minnesota asikutumie chochote mpaka uamke. Hatakusikiliza, lakini mwombe.

Hatua ya 3: Jifunze sheria kwa mchezo mmoja

Msingi ni huu. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, wapinzani wanachukua mpira palepale ulipo. Ndiyo maana likifika jaribio la nne timu nyingi huona heri kuupiga mpira mbali, au kama ziko karibu, kuupitisha katikati ya milingoti kwa mkwaju wa pointi 3. Kuuvusha mpira mstari wa goli ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju wa nyongeza baada yake ni pointi 1. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila jaribio na kuurusha, kumkabidhi mwenzake au kukimbia nao mwenyewe. Hayo yanatosha kwa wiki ya kwanza.

Sasa yatumie kuelewa tukio ambalo kila shabiki wa Packers anatakiwa aweze kulisimulia.

Ni tarehe 31 Desemba 1967, fainali ya NFL, Packers dhidi ya Dallas Cowboys mjini Green Bay. Baridi ni nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Lombardi alikuwa amefukia nyaya za umeme chini ya nyasi ili uwanja usigande. Siku hiyo mtambo ukashindwa kazi na uwanja ukageuka barafu. Refa alipopuliza kipenga cha chuma kikamganda mdomoni, na waamuzi wakalazimika kuichezesha mechi kwa kupiga kelele.

Zimebaki sekunde 16. Dallas inaongoza 17–14. Packers wana mpira chini ya yadi moja kutoka mstari wa goli, ni jaribio la tatu, na hawana tena nafasi ya kusimamisha saa. Mkwaju wa pointi 3 ungeleta sare na muda wa nyongeza. Kurusha mpira lilikuwa jambo la akili: pasi isiyodakwa husimamisha saa, kwa hiyo ungebaki muda wa kupiga mkwaju. Ila kukimbia nao, na ukakamatwa, saa ingeendelea kutembea hadi mwisho na ubingwa ungeondoka.

Kwotabeki Bart Starr alikwenda pembeni akamwambia Lombardi kwamba wakimbiaji wanateleza, lakini yeye anaweza kuingia mwenyewe. Kocha akakubali. Starr akarudi akawapa wenzake mpango ambao kwa kawaida mpira ungekabidhiwa Chuck Mercein, bila kuwaambia kwamba atabaki nao. Jerry Kramer na Ken Bowman wakamsukuma Jethro Pugh nyuma, pakapatikana upenyo, Starr akajitupa ndani. Itazame picha ya tukio hilo: nyuma ya Starr yupo Mercein, mikono juu. Watu wengi hudhani anashangilia. Alikuwa anawaonyesha waamuzi kwamba hamsukumi mwenzake, kwa sababu kusukuma ilikuwa kosa. Ikaisha 21–17.

Ukiweza kumweleza mtu kwa nini pasi ingekuwa salama kuliko kukimbia katika sekunde zile, basi uko tayari kutazama mechi yoyote.

Jambo moja zaidi la kuzoeza jicho. Macho ya kila mgeni hufuata mpira. Katika majaribio machache ya kila robo ya mechi, uache mpira uende zake, uwaangalie wale vibonge watano wanaomlinda kwotabeki. Wakisimama imara kwa sekunde tatu, pasi itafika. Wakirudishwa nyuma, hata kwotabeki hodari ataonekana hajui kazi, na wewe utakuwa unajua wa kulaumiwa wakati wenzako wanamtukana asiyehusika.

Hatua ya 4: Ishi na wiki yake

Ushabiki wa futiboli hii haukai Jumapili peke yake. Timu inacheza mara moja kwa wiki, kwa hiyo kila mechi ni kama mtihani, na siku sita zilizobaki ni za kuujadili.

Jumatatu sikiliza mkutano wa kocha na waandishi. Kocha wa NFL ana ufundi wa kuongea dakika 20 bila kusema kitu, lakini ukimzoea utajua lini anaficha jeraha. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa inatoka orodha ya majeruhi. Ligi hulazimisha kila timu kuitoa: nani amefanya mazoezi kamili, nani nusu, nani hakufanya. Mchezaji aliyekosa mazoezi Jumatano si habari, wakongwe hupumzishwa siku hiyo. Aliyekosa Ijumaa ni habari. Orodha ya mwisho ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi.

Kuhusu kubeti, kila mtu na mfuko wake. Ila nimewaona watu wakishangilia Packers ishindwe kufunga dakika ya mwisho ili mkeka usichanike. Huyo si shabiki tena, ni mfanyabiashara mwenye hasara. Timu yako iache nje ya mkeka.

Hatua ya 5: Wajue watani wa jadi

Packers iko kundi moja na Chicago Bears, Minnesota Vikings na Detroit Lions, na hucheza na kila mmoja nyumbani na ugenini kila msimu.

Bears ndio watani wenyewe. Timu hizi zimekuwa zikivaana tangu 1921. Kwa miongo mingi Bears walijivunia kuwa timu yenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya ligi. Desemba 2022 Packers wakawapita, tena kwa kuwafunga wao wenyewe, kwao Chicago. Hiyo ni silaha ya pili baada ya makombe.

Vikings nao wana kidonda walichotuachia. Brett Favre alikuwa kwotabeki wa Packers kuanzia 1992 hadi 2007, akawapa Super Bowl. Aaron Rodgers, aliyechukuliwa kwenye drafti (zoezi la kuchagua vijana kutoka vyuo) ya 2005, alikaa benchi miaka mitatu akimsubiri. Mwaka 2008 Favre akapelekwa New York Jets, na mwaka uliofuata akavaa jezi ya Vikings akaifunga Packers mara mbili msimu mmoja. Mji ulikasirika kweli. Rodgers naye akatwaa Super Bowl ya Februari 2011, akakaa hadi mwanzoni mwa 2023, akapelekwa wapi? Jets hukohuko. Nafasi yake ikachukuliwa na Jordan Love, ambaye naye alikuwa amekaa benchi miaka mitatu. Shabiki mgeni asiingilie mabishano ya nani bora kati ya Favre na Rodgers kabla hajamaliza msimu wake wa kwanza. Asikilize tu.

Na sare zipo, ingawa ni nadra mno. Septemba 2025 Packers na Cowboys walitoka 40–40 baada ya muda wa nyongeza. Shabiki wa soka atalizoea hilo haraka kuliko Mmarekani.

Hatua ya 6: Jezi na jibini

Ukinunua jezi ya mchezaji wa sasa, jua anaweza kuuzwa kesho. Salama zaidi ni namba zilizostaafishwa: 3 ya Tony Canadeo, 4 ya Favre, 14 ya Don Hutson, 15 ya Starr, 66 ya Ray Nitschke, 92 ya Reggie White. Kama unataka moja tu, ningesema ya White. Mwaka 1993, wachezaji walipopata uhuru wa kuchagua timu, yeye aliyekuwa anagombewa na ligi nzima akaichagua Green Bay, na tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba wakubwa hawawezi kwenda mji mdogo.

Kofia ya pembetatu ya rangi ya njano yenye matundu, mfano wa kipande cha jibini, ina historia fupi ya kuchekesha. Watu wa Wisconsin walikuwa wakitaniwa kwa jibini lao. Mwaka 1987 kijana wa Milwaukee, Ralph Bruno, akakata sponji ya kochi la mama yake, akaivaa kwenye mechi ya besiboli. Ikawa biashara, na mwaka 2023 Packers wakainunua kampuni. Ivae nyumbani kwanza, uone kama una moyo wa kuivaa barabarani.

Hatua ya 7: Usilale kuanzia Machi hadi Agosti

Machi ni dirisha la usajili wa wachezaji huru. Mwishoni mwa Aprili ni drafti, ambapo timu huchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa raundi saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulia. Mei inatoka ratiba. Siku hiyo kaa na kalenda uhesabu mechi za alfajiri.

Elewa mambo mawili ya fedha, la sivyo usajili hautakuingia akilini. Kwanza, tangu 1994 kuna kikomo cha mishahara kinacholingana kwa timu zote, hivyo bilionea wa Dallas hawezi kumwaga fedha akanunua ubingwa. Pili, mapato ya televisheni ya kitaifa hugawanywa sawa kwa timu 32. Hayo mawili ndiyo yanayoiwezesha Green Bay kusimama na New York.

Drafti ya 2025 ilifanyika Green Bay kwenyewe, na umati ulilipuka pale Packers walipomchukua mdakaji wa pasi Matthew Golden raundi ya kwanza. Kisa? Timu ilikuwa haijachagua mdakaji raundi ya kwanza tangu 2002, na mashabiki walikuwa wamelalamika mpaka malalamiko yakawa utani wa kurithishana.

Mwishoni mwa Julai mazoezi huanza. Watoto wa mji hujipanga na baiskeli zao nje ya uwanja, na kila mchezaji anachagua moja na kuiendesha hadi uwanja wa mazoezi, mtu wa kilo 140 magoti yakigonga usukani, mwenye baiskeli akimkimbilia pembeni amembebea helmeti. Desturi hii ni ya tangu enzi za Lombardi. Zitafute picha zake kila Julai.

Hatua ya 8: Siku ya kwenda Lambeau Field

Walioko Marekani na Kanada wana nafasi nzuri ya kufika. Uwanja unachukua watu zaidi ya 81,000, na tiketi za msimu zimeisha tangu 1960. Orodha ya wanaosubiri ina majina zaidi ya 140,000. Wazazi huandikisha watoto wachanga. Kwa hiyo utanunua tiketi ya mechi moja kutoka kwa mwenye nayo, kupitia mtandao rasmi wa kuuziana. Usinunue kwa mtu barabarani.

Uwanja wa ndege wa Green Bay ni mdogo na nauli zake zinauma. Wengi hushukia Milwaukee na kuendesha gari kama saa mbili kwenda kaskazini. Lambeau imezungukwa na nyumba za watu, na wenye nyumba hukodisha nyasi za mbele ya nyumba zao kwa maegesho. Fika saa tatu au nne kabla ya mechi: watu huwasha majiko kwenye maegesho, wanachoma soseji za bratwurst, na mgeni mwenye tabasamu huwa hakosi sahani.

Kuanzia Novemba, vaa tabaka juu ya tabaka, na njoo na kipande cha katoni. Kiweke chini ya miguu yako. Baridi ya pale hupandia kwenye sakafu ya zege, na wenyeji hutumia katoni kuizuia. Sehemu kubwa ya viti ni mabenchi ya chuma, hivyo mto wa kukalia ni lazima. Begi liwe la plastiki ya kuonyesha ndani. Mengine, isipokuwa kipochi kidogo, hayapiti getini.

Ukipata nafasi karibu na ukuta wa upande wa goli, jiandae kupokea mchezaji. Tarehe 26 Desemba 1993 LeRoy Butler alifunga tachidauni akarukia jukwaani kwa mashabiki, na tangu hapo kila mfungaji wa Packers hufanya vivyo hivyo. Shika simu vizuri, maana atakuja na matope.

Mechi za Agosti za kujipima nguvu ndizo zenye tiketi rahisi, ila nyota hucheza kidogo au hawachezi kabisa. Kama nauli ni ya safari moja tu, ningeiweka Desemba, dhidi ya Bears ikiwezekana, na nikope koti.